Mfupa Ulivunjika, Lakini Hofu Ndiyo Iliyoua

Julai 6, 1975, kwenye uwanja wa mbio wa Belmont Park, New York, watu wapatao 50,000 walikusanyika kumtazama farasi jike aitwaye Ruffian. Rangi yake ilikaribia weusi kabisa. Alikuwa ameshindana mara 10 na kushinda mara zote 10, tena bila kubahatisha: kila mahali walipopima nani yuko mbele, mbele alikuwa yeye. Siku hiyo mpinzani wake alikuwa mmoja tu, dume aitwaye Foolish Pleasure, mshindi wa Kentucky Derby ya mwaka huohuo. Miaka miwili nyuma Billie Jean King alikuwa amemshinda Bobby Riggs kwenye tenisi, kwa hiyo unaweza kukisia jinsi mbio hizi zilivyonadiwa. Jike dhidi ya dume, na mamilioni wengine mbele ya televisheni.

Hazikufika mbali. Ruffian alikuwa ametangulia kidogo pale mpandaji wake, Jacinto Vásquez, aliposikia mlio wa kuvunjika. Ilikuwa ni mifupa miwili midogo iliyo nyuma ya kifundo cha mguu wa mbele wa kulia, ile inayoitwa sesamoidi. Vásquez akavuta hatamu kwa nguvu zake zote. Ruffian hakusimama. Aliendelea kukimbia juu ya mguu uliovunjika, na kila alipoukanyaga mifupa ile ilizidi kusagika, ngozi ikachanika, kano zikakatika.

Usiku ule madaktari walimpa nusukaputi na kumfanyia upasuaji. Mara mbili aliacha kupumua, mara mbili wakamrudisha. Mguu ukaunganishwa, ukafungwa plasta ngumu (ile tunayoiita POP), na kwa upande wa ufundi wa mifupa kazi ikawa imekwisha. Kisha akaanza kuamka. Akiwa bado amelala sakafuni, dawa haijamtoka vizuri kichwani, alianza kupiga miguu na kujizungusha kana kwamba bado yuko kwenye mbio. Watu kadhaa walijaribu kumshikilia, wakashindwa. Ile plasta nzito ikageuka kuwa nyundo ya kumjeruhi yeye mwenyewe, na kazi yote ya usiku ule ikaharibika. Alfajiri ya Julai 7 wakamchoma sindano ya mwisho. Alizikwa palepale Belmont, ndani ya uwanja.

Nimekuwa nikiirudia habari hii tangu nianze shahada ya uzamili kwenye anatomia ya wanyama. Ukiisoma haraka unasema, ah, farasi kavunjika mguu, kafa, si ndivyo inavyokuwa siku zote? Lakini isome tena. Mara ya kwanza hofu ilimfanya akimbie juu ya mfupa uliovunjika, na mara ya pili ilimfanya aubomoe mguu uliokwisha kuunganishwa. Mivunjiko miwili ya sesamoidi ni jeraha baya, sikatai. Ila kilichomfikisha kwenye sindano ni kile alichofanya baada ya kuvunjika.

Ili uelewe kwa nini, inabidi tuuangalie mguu wenyewe. Inua mkono wako, kunja vidole vyote ubakize cha kati, halafu jiulize kama ungeweza kutembea juu ya ncha ya kidole hicho ukiwa na uzito wa kilo 500. Farasi ndivyo anavyoishi. Ukwato ni ukucha wa kidole kimoja kilichobaki baada ya mamilioni ya miaka ya mageuko, na kinachoonekana kama goti la mguu wa mbele kwa kweli ni kifundo cha kiganja. Kuanzia hapo kushuka chini karibu hakuna nyama: ni mfupa, kano, ligamenti na ngozi. Mguu mwepesi unarushwa kwa kasi, na ndiyo siri ya mbio zake. Lakini mfupa ukipasuka huko chini hakuna misuli ya kuufunika wala kuushikilia, damu inayofika ni kidogo, na vipande vyenye ncha kali vinatoboa ngozi kirahisi.

Halafu kuna ubongo wa kinachowindwa. Farasi hana pembe wala meno ya kupigania. Silaha yake ni moja, kukimbia, na maumivu kwake ni taarifa kwamba simba ameshamfikia. Mapigo ya moyo wake akiwa ametulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika. Akikimbia yanaweza kupita 220. Adrenalini inapomwagika kwenye damu, maumivu yenyewe yanafifia kwa muda. Ndiyo maana Ruffian aliweza kukimbia vile. Si ushujaa, kama magazeti yalivyopenda kuandika. Ni mwili unaofuata sheria moja ya zamani: kimbia kwanza.

Na huwezi kumwambia alale kitandani miezi mitatu. Mnyama mzito namna hiyo akilala upande mmoja kwa muda mrefu, misuli ya chini inakosa damu, mapafu yanabanwa, tumbo linaanza kusumbua. Ni lazima asimame, na ni lazima asimame kwa miguu yote minne. Hili la mwisho likumbuke, tutalirudia.

Historia ya kumtibu farasi, basi, kwa sehemu kubwa ni historia ya watu wakitafuta namna ya kumtuliza kiumbe asiyetaka kutulizwa. Kwa karne nyingi jibu lilikuwa kamba. Farasi alifungwa miguu, akavutwa mpaka akaanguka, watu wenye nguvu wakamkalia. Shule ya kwanza ya tiba ya wanyama Ulaya ilipoanza kufundisha Lyon, Ufaransa, mwaka 1762, mwanzilishi wake Claude Bourgelat alikuwa mtu wa farasi, mkuu wa chuo cha kufundisha upandaji. Elimu ya mwili ilikua haraka baada ya hapo, lakini dawa ya kumlaza mgonjwa haikuwepo. Klorofomu ilipoingia hospitalini mwaka 1847, matabibu wa farasi nao hawakukawia kuichukua. Kamba hazikuondoka, ila angalau zilipata msaidizi.

Kulikuwa pia na kibano cha mdomo. Hiki ni kijiti chenye kitanzi cha kamba: unakaza kitanzi kwenye mdomo wa juu wa farasi, naye anasimama kimya kama aliyerogwa. Wafugaji wamekitumia kwa muda mrefu sana, na wengi wetu tukikiona tunasema ni ukatili mtupu, mnyama katulia kwa sababu anaumia kwingine. Mwaka 1984 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walichapisha kwenye jarida la Science matokeo yaliyowashangaza watu: kibano kikikazwa, mapigo ya moyo yanashuka na endofini, ile kemikali ya mwili inayopunguza maumivu, inaongezeka kwenye damu. Tafiti za baadaye zikaweka mipaka. Nafuu hiyo ni ya dakika chache za mwanzo, na kitanzi hichohicho ukikiweka sikioni, mapigo yanapanda badala ya kushuka. Wazee walikuwa na kitu cha kweli mkononi, ila si kila walichokifanya nacho kilikuwa sahihi. Leo madaktari wana dawa za kutuliza kama zailazini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1962, na kibano kimebaki cha kazi ndogondogo.

Dawa zote hizo, lakini, hazikutatua tatizo la Ruffian. Tatizo lake lilikuwa kuamka. Kuna wakati, dawa ikiwa inaisha, akili bado ina ukungu lakini miguu imeshapata nguvu, na kitu cha kwanza kinachorudi ni ile sheria ya zamani. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya farasi zaidi ya 40,000 waliopewa nusukaputi. Hata ukiwaondoa waliopasuliwa kwa dharura ya tumbo, karibu farasi 1 kati ya 100 alikufa ndani ya siku 7. Kwa binadamu ni nadra zaidi kwa mbali. Na karibu robo ya vifo vya farasi hao vilitokana na mivunjiko wakati wa kuamka. Yaani unamwingiza na jeraha moja, anajivunja upya akitafuta kusimama.

Jibu la kuvutia zaidi lilitoka New Bolton Center, hospitali ya wanyama wakubwa ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Jacques Jenny, daktari wa wanyama mzaliwa wa Uswisi aliyefariki mwaka 1971, alikuwa ameshaliwaza kabla ya Ruffian: kama hatuwezi kumzuia asipige miguu, basi tumpe mahali pa kupiga bila kuumia. Maji. Farasi akitoka upasuaji, bado kalala fofofo, ananyanyuliwa na winchi kwa mikanda mipana ya tumboni, anavalishwa chelezo cha mpira chenye mifuko minne ya miguu, kisha anashushwa kwenye bwawa la maji ya uvuguvugu. Anaamka akielea, kichwa juu, na watu wakiwa karibu naye. Akirusha miguu anakutana na maji, hakuna sakafu wala ukuta. Akili ikimrudia, anatulizwa kidogo na kunyanyuliwa tena mpaka kwenye chumba chenye kuta laini, anashushwa kwa miguu yake, anasimama.

Mimi napenda sana wazo hili, na sababu ni kwamba halimshindi farasi nguvu. Linakubali kwamba atakimbia.

Sasa turudi uwanjani, maana kabla ya daktari na bwawa kuna dakika chache ambazo wapo watu wa kawaida tu. Juni 5, 1999, Belmont Park hiyohiyo. Farasi aitwaye Charismatic alikuwa ameshashinda Kentucky Derby na Preakness, na ushindi wa tatu ungemwingiza kwenye orodha fupi ya mabingwa. Alimaliza wa tatu, akiwa amevunjika mguu wa mbele wa kushoto karibu na mstari wa mwisho. Mpandaji wake, Chris Antley, alimsimamisha, akaruka chini, akaunyanyua ule mguu kwa mikono yake na kuushikilia usiguse ardhi mpaka madaktari walipofika. Picha yake ipo, itafute. Uwanja mzima una kelele, yeye ameinama, ameukumbatia mguu wa farasi kama mtu aliyebeba mtoto.

Hebu angalia alichofanya. Aliukinga mfupa usisagike, hilo ni wazi. La pili halionekani haraka: farasi aliyevunjika mguu anaingiwa na wazimu hasa kwa sababu mguu haumtii. Anaukanyaga, haupo pale anapoutegemea, anaukanyaga tena kwa hofu zaidi. Ndiyo maana banzi, zile mbao au vyuma vya kuunyoosha na kuukaza mguu, humtuliza farasi hata kabla ya sindano. Mguu ukikaa mahali pamoja, na akili inakaa. Kwa dakika zile chache, banzi la Charismatic lilikuwa mikono ya Antley. Farasi yule alipasuliwa, akapona, akaishi mpaka Februari 2017, miaka karibu 18 baadaye.

Utaniuliza, utulivu wa Antley mwenyewe ulikuwa na uzito wowote, au ni mikono tu? Kuna jaribio moja zuri sana kutoka Sweden, lililochapishwa mwaka 2009 na Linda Keeling na wenzake. Watu waliombwa wamwongoze au wampande farasi kutoka pointi moja kwenda nyingine, mara nne, huku mapigo ya moyo ya mtu na ya farasi yakipimwa. Kabla ya mara ya nne mtu aliambiwa kwamba safari hii, akipita, mwavuli utafunguliwa ghafla kumshtua farasi. Mwavuli haukufunguliwa. Hakuna kilichotokea kabisa. Lakini mapigo ya moyo ya mtu yalipanda, na ya farasi nayo yakapanda. Farasi hakuwa ameambiwa habari za mwavuli. Alikisoma kitu kwa yule mtu: pengine mkono uliokaza kamba, pengine pumzi, pengine hatua.

Hapo ndipo nilipomkumbuka punda. Wengi wetu hapa Afrika Mashariki hatujawahi kugusa farasi, na sababu mojawapo ni ya kibaiolojia: mbung'o na ugonjwa wa nagana vilifanya sehemu kubwa ya ardhi yetu isikalike kwa farasi. Tunamjua ndugu yake. Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni niliona punda ameanguka na mkokoteni wa madumu ya maji kwenye barabara ya vumbi nje kidogo ya Dodoma. Watu walijaa, kila mmoja fundi. Huyu anavuta mkia, yule anapiga fimbo, vijana wanapiga kelele "inuka, inuka!" Punda anarusha miguu, kamba zinazidi kumkata. Akaja mzee mmoja, akasema, "Wanangu, hebu kaeni kando." Akavua shati, akamfunika punda macho, akapiga magoti nyuma ya shingo yake, akaweka mkono na kuanza kumsemesha taratibu kama anamwambia jirani habari za mvua. Alipoona pumzi zimeshuka ndipo akamwambia kijana mmoja, mmoja tu, akate kamba. Mimi, mwanafunzi wa sayansi, nilikuwa miongoni mwa wale waliopiga kelele.

Yule mzee alikuwa sahihi karibu kwa kila kitu, na nilikuja kujua sababu darasani. Farasi au punda aliyelala hawezi kuinuka bila kunyanyua kichwa kwanza, kwa hiyo anayekidhibiti kichwa kwa upole anadhibiti mwili wote. Na ukikaa nyuma ya shingo, upande wa mgongo, miguu haikufikii. Macho yakifunikwa, nusu ya vitisho vinaondoka. Na mtu mmoja anayesema taratibu ni bora kuliko kumi wanaosaidia.

Damu nayo inawatoa watu akili. Ukiona lita nzima imemwagika chini unadhani mnyama anakufa palepale, kwa sababu unapima kwa mwili wako, wenye lita kama 5. Farasi wa kilo 500 ana karibu lita 40, ndoo mbili kubwa. Anaweza kupoteza lita 4 hivi bila kuzirai. Una muda wa kutafuta kitambaa safi, kukunja, kukandamiza kwenye jeraha na kubaki umekandamiza bila kuchungulia kila nusu dakika, maana kila ukichungulia unaondoa damu iliyoanza kuganda. Msumari ukiwa umeingia kwenye ukwato, mkono unawasha kuung'oa. Ukiweza kumzuia asiukanyage, uache mpaka daktari aone umeelekea wapi. Na wakati mnamsubiri, weka vidole chini ya taya, pale mshipa unapopita juu ya mfupa, uhesabu mapigo. Daktari atakuuliza namba hiyo kwenye simu. Nashuku pia kwamba kuhesabu kunamsaidia anayehesabu.

Lakini nisikudanganye kwamba utulivu unaponya kila kitu. Mei 20, 2006, kwenye Preakness huko Baltimore, Barbaro, aliyekuwa ameshinda Kentucky Derby wiki mbili kabla, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia mara tu baada ya mbio kuanza. Safari hii karibu kila kitu kilikwenda inavyotakiwa. Mpandaji Edgar Prado alimsimamisha haraka na kushuka. Mguu ulitiwa banzi. Farasi alipelekwa New Bolton Center, na kesho yake Dean Richardson na timu yake waliunganisha mfupa uliopasuka vipande zaidi ya 20, kwa bamba la chuma na skrubu 27. Kisha bwawa. Barbaro aliamka ndani ya maji, akatulia, akasimama. Kile kilichomuua Ruffian hakikumgusa. Richardson hata hivyo aliwaambia waandishi kwamba uwezekano wa kupona ni kama wa kurusha sarafu, na wengi walidhani anajihami tu.

Hakuwa anajihami. Kumbuka tulichosema, miguu yote minne. Mguu mmoja ukiuma, wa pili yake unabeba uzito wa ziada kwa wiki nyingi, na damu ndani ya ukwato inategemea kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia. Ukwato unaokandamizwa bila kupumzika unaanza kuachana na mfupa ulio ndani yake. Huo ndio laminitisi. Julai ukamshika Barbaro kwenye mguu wa nyuma wa kushoto, ule uliokuwa mzima, na ikabidi waondoe karibu asilimia 80 ya ukwato. Mvunjiko wenyewe ulikuwa ukipona. Januari 29, 2007, baada ya miezi 8, miguu ya mbele nayo ilipoanza kuharibika, wakamlaza kwa sindano.

Tatizo hilo bado halijapata bwawa lake. La kuamka, kwa upande mwingine, limepata njia ya mkato ambayo Jenny huenda angeicheka kwa furaha: kwa baadhi ya mivunjiko, ile ya ufa uliopita ndani ya mfupa bila vipande kuhama, madaktari hawamlazi farasi tena. Anapewa dawa ya kutuliza, mguu unatiwa ganzi, na skrubu zinaingizwa akiwa amesimama. Taa inapunguzwa. Masikio yanazibwa kwa pamba. Daktari anapiga magoti chini na drili yake, na kichwani pa farasi anasimama mtu mmoja ambaye kazi yake, kwa muda wote wa upasuaji, ni kushika kamba bila kuikaza.